Pete ya Thelathini na Sita

Maili Moja, Kibaha. Jumamosi, 9 Machi 2024

Kwa miaka thelathini na nne nimeficha jambo moja: picha mbili zilizomnyima dada yangu shamba la baba yetu hazikukuzwa kwa kipimo kimoja. Nilizipiga mimi. Wazee waliziweka sambamba, wakaona zinafanana, wakaamua. Hazikufanana. Zilifananishwa na pete za kamera, na pete zilikuwa mkononi mwangu.

Naitwa Yassin Mwinyijuma. Nina miaka themanini na mmoja. Nilisomeshwa, nikafundishwa kupiga picha za wadudu wa mikorosho, nikaifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu. Sasa moyo umechoka. Mwezi uliopita daktari aliwaambia watu wangu wanirudishe nyumbani. Kila mtu alielewa maana yake, na kila mtu alidhani mimi sikuelewa. Nyumbani ni hapa, chumba cha uani kwa Omary, mtoto wa marehemu kaka yangu Hussen. Miguu imevimba, sitembei. Chooni nabebwa. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani ambao haujapigwa lipu. Matofali yanayoonekana ni sitini na matatu.

Shamba lenyewe liko Kurui, Kisarawe. Analo Omary. Omary ndiye anayenibeba.

Nataka kuyaandika yote kabla sijafa. Leo mkono umechoka.

Jumanne, 12 Machi

Mwezi umeandama. Mimi sifungi. Shamsia, mke wa Omary, ananiletea uji mchana ameufunika kwa sahani, anauweka bila kunitazama. Ana ulimi mkali yule. "Baba, uji si wa kutazama. Unapoa."

Jumamosi, 16 Machi

Zuleha amekuja. Ni mtoto pekee wa dada yangu Mwanahalima aliyeolewa Magindu, mama wa miaka arobaini na kitu, bibi shamba huko Mlandizi. Nilimsikia uani kabla sijamwona, anataniana na Omary. Ni mabinamu, utani ni haki yao.

"Mtani, umenenepa mwezi mtukufu! Unafunga au unafungua?"

"Njaa ya Magindu imekuleta. Futari bado, rudi saa kumi na mbili."

"Sikuja kwako mimi. Nimekuja kwa mjomba wangu. Pisha mlango, mwili wote huo!"

Akaingia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo Mjomba."

"Marahaba, mama."

Alikuwa na kamera begani na kiboksi mkononi. Akafungua kiboksi juu ya shuka langu. Pete tatu nyeusi, ya milimita kumi na mbili, ya ishirini na ya thelathini na sita. Hazina kioo ndani, ni uwazi mtupu. Kazi yake ni kukaa kati ya kamera na lenzi na kuisukuma lenzi mbele, ili vitu vidogo vionekane vikubwa. Vilikuwa vipimo vilevile vya pete zangu za kazini. Nilizishika nikasahau kupumua.

"Nimeagiza mtandaoni," akasema. "Nataka kupiga nzi weupe chini ya majani ya muhogo. Lakini naona ukungu mtupu. Nimezungusha lenzi mpaka vidole vimekufa ganzi."

"Unasimama mbali gani na jani?"

"Nusu mita hivi."

"Hapo hata ungengoja mpaka Iddi usingeona kitu."

Nikamweleza. Lenzi yako ni ya milimita hamsini. Iweke kwenye alama ya mbali kabisa, usiiguse tena. Jumlisha pete ulizoweka, gawanya kwa hamsini: huo ndio ukuzaji. Pete ya ishirini peke yake ni nukta nne, yaani mdudu wa milimita moja anatua kwenye kamera akiwa nukta nne ya milimita. Zote tatu ni sitini na nane, unapata moja nukta tatu sita; sasa mdudu anatua mkubwa kuliko alivyozaliwa. Kisha tafuta umbali. Gawanya moja kwa ukuzaji, ongeza moja, zidisha kwa hamsini. Hapo ndipo jani litakapokaa kutoka kwenye lenzi, wala si pengine. Kwa pete zote tatu ni milimita themanini na saba.

"Sentimita tisa hazifiki! Mjomba, huyo mdudu si nitampumulia?"

"Mpumulie kwa adabu."

Alicheka mpaka Shamsia akachungulia. Halafu akauliza, "Kwa hiyo kila pete na umbali wake?"

"Kila jumla ya pete ina umbali wake mmoja. Ukibadilisha pete bila kusogea, unapata ukungu."

Akayaandika yote kwenye simu. Akapiga upindo wa khanga yake kwa majaribio, nyuzi zikatokea nene kama kamba za katani. Alifurahi kama mtoto. Nami kwa nusu saa nilifurahi.

Jumapili, 17 Machi

Mvua. Umeme hakuna. Yale niliyomfundisha jana ndiyo yaleyale yanayoweza kunifunga.

Jumatano, 20 Machi

Leo nina nguvu kidogo. Niandike.

Baba alifariki mwishoni mwa mwaka themanini na tisa. Alituacha watatu: Hussen mkubwa, mimi, na Mwanahalima. Baada ya arobaini Hussen alitoa karatasi ya daftari iliyosema kwamba Baba, akiwa hai na akili zake timamu, alimpa yeye hiba ya shamba lote la Kurui. Chini yake palikuwa na dole gumba, maana Baba hakujua kuandika. Mwanahalima akasema si dole la Baba. Alikuwa na haki ya kusema. Kwa dini ana fungu lake, na kwa desturi yetu mwanamke hafukuzwi kwao. Mimi nilitangaza kwamba sidai kitu, fungu langu nimesamehe, nina kazi yangu. Ndiyo maana wote waliniamini.

Kurui, kila aliyekaanga korosho ana kovu. Ganda likishika moto linatema mafuta, na mafuta yale yanakula ngozi. Baba alikuwa na kovu kwenye dole gumba la kulia, limepinda kama korosho yenyewe. Kila mtu alilijua. Lilionekana kwenye dole alilotia katika kadi yake ya ushirika. Kwenye karatasi ya Hussen dole lilikuwa nusu, limebandikwa kwa haraka, lakini kovu lililopinda lilionekana pia. Wazee wakasema: Yassin ana mashine ya kukuza vitu vidogo, atukuzie yote mawili tulinganishe.

Nikapiga kadi. Nikapiga karatasi. Nikasafisha picha mbili kubwa za ukubwa mmoja, kila moja mara kumi ya filamu yake, nikazipeleka Kurui. Mzee Dotto, aliyeongoza kikao, akachomoa chelewa kutoka kwenye ufagio wa uani, akailaza juu ya kovu la picha ya kwanza, akaikata kwa meno pale kovu lilipoishia. Akaihamishia picha ya pili. Ikalingana.

"Chelewa haina ndugu wala rafiki," akasema. Kikao kikaisha.

Karatasi ilikuwepo mbele yao. Kadi ilikuwepo. Hakuna aliyelaza chelewa juu ya vitu vyenyewe. Walipima picha, kwa kuwa picha zilitoka kwa msomi. Laiti mmoja tu angepima karatasi, angeona kovu la karatasi ni milimita sita, na la kadi ni tisa.

Nilikosea pete. Kwenye kadi niliweka ya kumi na mbili na ya ishirini: thelathini na mbili kwa hamsini, nukta sita nne. Kwenye karatasi niliokota ya thelathini na sita badala ya ya ishirini: arobaini na nane kwa hamsini, nukta tisa sita. Tisa mara nukta sita nne, na sita mara nukta tisa sita, jibu ni moja. Chumba kilikuwa na giza na pete zinafanana. Nilipogundua, kikao kilikuwa kimekwisha. Dhambi yangu ni kunyamaza.

Hayo ndiyo niliyoweza leo.

Jumapili, 24 Machi

Mvua. Omary kanibeba kwenda kuoga, kanisugua mgongo kwa dodoki, taratibu, kama anaosha mtoto mchanga. Hajawahi kulalamika hata siku moja. Nikamwombea kwa Mungu, kisha nikakumbuka ninachoandika.

Ijumaa, 29 Machi

Omary ameingia na kanzu ya msikitini, uso unang'aa.

"Baba mdogo, wapimaji wa ardhi wanafika Kurui Jumatano ya tarehe nane Mei. Shamba linapata hati."

"Kwa jina la nani?"

"La kwangu, la nani tena? Ila wanataka mzee wa ukoo asimame aeleze shamba lilivyotufikia. Umebaki wewe peke yako. Nitatafuta gari, tutakutandikia godoro nyuma."

"Nikifa kabla?"

"Utani huo sitaki, Baba mdogo. Jikaze. Tarehe nane tu."

Basi nimepangiwa siku ya kuishi mpaka ifike. Hati ikishatoka, maneno ya mzee aliyelazwa hayatang'oa nguzo ya mpaka.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua. Matofali ya jirani yameota kuvu ya kijani. Malori ya barabara ya Morogoro yanapiga honi, nami nimelala nayasikiliza yakienda.

Jumatano, 10 Aprili. Iddi

Dada yangu Mwanahalima kaja kutoka Magindu. Ana miaka sabini na miwili na bado anatembea wima. Mume wake alifariki mwaka juzi. Alikaa kwenye kigoda karibu na kichwa changu, akaanza kuongea kwa sauti ya chini.

"Kaka, mashemeji wameniita. Wameniambia, bibi, eda imekwisha zamani, kwenu ni wapi?"

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia kwetu Kurui. Wakacheka. Wanajua habari zote." Akanyoosha khanga magotini. "Sidai shamba lote mimi. Nataka mahali pa kuegesha kibanda, na mikorosho miwili mitatu ya kuokotea. Nikifa nisizikwe kwa watu waliokuwa wanangoja niondoke."

"Omary hawezi kukataa hilo."

"Omary anasema nikiingia kwa huruma yake, watoto wake watanitoa kwa haki yao. Na anasema kweli." Kisha akanitazama usoni. "Wewe ndiye uliyekuwa na mashine. Niambie tu kwamba lile lilikuwa dole la Baba. Nitatulia, sitauliza tena mpaka naingia kaburini."

"Bado unakumbuka picha zile?"

"Ninazo. Dole lile mimi sikulitambua, Kaka. Lakini wewe hujawahi kunidanganya tangu tuko wadogo. Nilikubali kwa ajili yako, si kwa ajili ya ile chelewa ya Mzee Dotto."

Nilianza kukohoa. Nilikohoa zaidi ya haja. Akanipa maji, akanishika kisogo. Shamsia alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya pilau, sijui tangu lini.

Jumamosi, 13 Aprili

Zuleha amekuja saa nne asubuhi, Omary yuko dukani kwake. Hakufanya utani na mtu uani. Alifunga mlango, akatoa bahasha kubwa ya kaki, akalaza picha mbili juu ya miguu yangu. Nilikuwa sijaziona kwa miaka thelathini na nne. Ni kazi safi.

"Mjomba, nimepima," akasema. "Hii ya kadi inaonyesha kisanduku cha kutia dole. Mama anayo kadi yake mwenyewe, zilichapwa pamoja. Kisanduku ni milimita thelathini. Kwenye picha ni mia moja tisini na mbili. Kimekuzwa mara sita na nukta nne."

Nikaigusa pembe ya picha.

"Hii ya karatasi inaonyesha mistari ya daftari. Mstari mpaka mstari ni milimita nane. Kwenye picha ni sabini na saba. Imekuzwa mara tisa na nukta sita. Picha ni za ukubwa mmoja, madole hayakukuzwa sawa."

"Nilikosea pete," nikasema. Nilikuwa nimeshayaandika maneno hayo, yakatoka laini. "Niliokota ya thelathini na sita badala ya ya ishirini. Chumba kilikuwa na giza."

Alitikisa kichwa kana kwamba ananihurumia. "Jumla ya thelathini na mbili, umbali ni ngapi?"

"Mia moja ishirini na nane."

"Na ya arobaini na nane?"

"Mia moja na mbili."

"Sentimita mbili na nusu na zaidi. Ulinifundisha mwenyewe, ukibadilisha pete bila kusogea unapata ukungu. Tazama hii. Naona mpaka nyuzi za karatasi. Uliisogeza kamera, Mjomba. Mtu wa kukisia angesogeasogea tu mpaka aone vizuri. Wewe hukisii. Wewe unapima umbali kwa rula kwanza. Ungekosea pete, ungeona ukungu, ungelijua kosa lako hapohapo."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilitazama ukuta wa jirani.

"Nilijua," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla. Nilipima makovu kwanza. Tisa kwa sita. Nikakaa na pete tatu nikatafuta jumla mbili zenye uwiano huo. Zilipatikana. Siku ile nilifurahi kuzipata, kama mwanafunzi aliyepata hesabu."

"Kwa nini?"

Nikamwambia. Baba aliweza kumwacha mtoto mmoja tu aende shule, mwingine abaki na jembe. Aliyestahili ni Hussen, mkubwa. Hussen akasema Yassin ana kichwa, aende. Akalima miaka yote mimi nikisoma. Alipokuja na karatasi ile aliniambia, "Mimi nimelima ili usome. Sasa soma mara moja kwa ajili yangu." Akasema Mwanahalima ameolewa Magindu, shamba litahamia kwa wakwe.

Zuleha alinisikiliza mpaka mwisho. "Na mama yangu alikuwa analima kwa ajili ya nani? Siku zile hakuwa na jembe?"

Alikuwa nalo. Alipalilia mikorosho ile tangu ana miaka saba. Wakati tunapanga nani asome, jina lake hata halikutajwa.

"Dole ni la nani basi?"

"La Hussen," nikasema.

Akaliandika jina kwenye simu. Akarudisha picha kwenye bahasha. "Utasema haya mbele ya Omary?"

"Nitasema."

"Lini?"

Nikaomba maji. Aliaga vizuri, kwa adabu, kama anavyoagwa mtu usiye na hakika naye.

Jumatatu, 15 Aprili

Zuleha kaongea na Omary mwenyewe. Omary hakunigombeza. Alirekebisha mto wangu, akasema, "Zuleha anakuchosha, Baba mdogo. Wageni basi kwa sasa. Daktari alisema upumzike." Akachukua simu yangu akaiweke chaji. Haijarudi.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Simu haijarudi.

Jumapili, 21 Aprili

Nimesikia sauti ya Zuleha getini. Omary kamwambia nimelala. Akasema atangoja. Omary akasema nikilala huwa naamka jioni. Nilikuwa macho. Ningeita jina lake angesikia, kutoka hapa mpaka getini ni hatua kumi na tano. Sikuita. Nilivuta shuka mpaka kidevuni nikangoja aondoke.

Kabla ya leo nilikuwa nasema Omary amenifungia.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Uji. Shamsia kauliza kama nimelia. Nimesema ni macho ya uzee. Akasema, "Macho ya uzee huwa yanalia yote mawili?"

Jumamosi, 27 Aprili

Bafuni. Omary alikuwa amenishika makwapani, miguu yangu inaning'inia.

"Baba mdogo, nikuulize kitu. Sitakasirika."

"Uliza."

"Nimepanda mikorosho mipya pale miaka kumi. Ile ya Babu ilikuwa imezeeka, nimeing'oa mmoja mmoja kwa mikono yangu. Sikumwibia mtu. Nilikuta shamba kwa baba yangu. Sasa niambie wewe uliyekuwepo. Dole lile ni la nani?"

Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kichwani kwangu kwenda kwenye mikono yake. Angelegeza vidole tu, ningeanguka. Hakuvilegeza. Nilimwona usoni kwamba anaitaka kweli, na kwamba anaiogopa.

"La babu yako," nikasema.

Alivuta pumzi ndefu. Akanikalisha kwenye kiti, akanifuta mgongo, masikio, katikati ya vidole vya miguu. "Basi utasema hivyohivyo tarehe nane."

Nimekuwa nikimwona Omary kama mlinzi wa jela yangu, na kabla ya hapo kama malaika. Leo nimemwona alivyo: mtu aliyerithi uongo wangu akaupandia miti. Mwanahalima karithi uongo uleule, ukampa mgongo. Wote wawili wameniuliza swali moja kwa upole. Wote wawili sikuwajibu kweli.

Jumanne, 30 Aprili

Pumzi fupi. Nimeandika mstari huu kwa vituo vitatu.

Jumamosi, 4 Mei

Redio inasema kimbunga kinakaribia pwani. Upepo tangu alfajiri, bati moja la jikoni limenyanyuka. Omary kaenda kuangalia duka. Shamsia aliingia kama kawaida yake, bila kubisha hodi, akageuza godoro langu lililolowa pembeni, akatoa daftari hili.

"Hili nilishaliona wiki ya Iddi," akasema. "Nikalirudisha. Jana nimesoma."

"Kiasi gani?"

"Mpaka bafuni."

Nilingoja ulimi wake. Haukuja. Alikaa kwenye kigoda alichokalia Mwanahalima, mikono mapajani, akasikiliza upepo.

"Baba, mimi ni mke wa Omary. Shamba lile linawasomesha wanangu. Lakini Omary akinitangulia mimi, hawa mashemeji zangu wataniuliza kwenu wapi, kama walivyomuuliza Shangazi. Nami kwetu wameshagawana." Akanirudishia daftari. "Kesho kutwa naenda Mlandizi kwa mambo yangu. Nikipewa kitu cha kumpelekea Zuleha nitakipeleka. Nisipopewa sitauliza. Lakini usimpelekee mtu nusu."

"Kwa nini unasema nusu?"

"Kwa sababu kila ukurasa wako unasema haya ndiyo yote, halafu unaofuata unaongeza."

Miezi mitatu nimemwona mwanamke huyu kuwa ni ulimi mtupu. Nikamwomba siku mbili na kidau cha wino wa muhuri kutoka dukani. Hakuuliza cha nini.

Jumatatu, 6 Mei. Asubuhi

Mvua imekatika. Shamsia amevaa baibui, anangoja uani. Omary atarudi mchana na atanikuta hapahapa kitandani, maana sina pa kwenda. Nitamwambia mwenyewe kilichomo humu. Aninyanyue au asininyanyue, ni juu yake.

Zuleha, nilikwambia dole ni la Hussen. Nilichagua marehemu kwa sababu hajibu. Hussen hakuwa na kovu. Dole lake lilikuwa laini kama la mtu asiyekaanga korosho, kwa bahati tu. Tulijaribu la kwake kwanza, kwenye karatasi nyingine, usiku wa kuamkia siku aliyoitoa hadharani ile ya hiba, na kila mtu angeona si la Baba. Kovu linalopinda namna ile lilikuwepo Kurui kwa watu wawili tu.

Nilikuwa na miaka sita. Nilichukua korosho kwenye kikaango ikiwa bado inatema, ikaninatia doleni. Baba aliiparura kwa dole lake ili inibanduke, ikamnatia yeye. Korosho moja, siku moja. Kovu lake likawa kubwa, langu dogo. Alikuwa akinionyesha watu na kusema, huyu ana muhuri wangu.

Ndiyo maana nilijua tofauti ya makovu kabla sijayapima. Ndiyo maana nilijitoa kwenye urithi, nisishukiwe. Nikatia dole, kisha nikaja na kamera kama mgeni kuthibitisha dole hilohilo. Mwanahalima alipouliza ni la nani, nilikuwa nimesimama mbele yake nimeweka mkono mfukoni.

Omary, hukuiba. Sema na shangazi yako mbele ya wapimaji, mgawane kwa fungu la kila mmoja, na mikorosho uliyoipanda ihesabiwe jasho lako. Mwanahalima ajenge upande anaotaka mwenyewe.

Chini ya maneno haya nimetia wino. Zuleha, weka pete ya kumi na mbili na ya thelathini na sita, lenzi kwenye alama ya mbali, milimita mia moja na mbili kutoka kwenye karatasi. Ulinganishe na ile picha ya karatasi aliyo nayo mama yako. Usipime kovu peke yake kama wazee wale. Hesabu na mistari ya ngozi, mmoja mmoja.

Baba hakutoa hiba kwa mtu yeyote. Dole lililo kwenye karatasi ile ni langu.